Mkongwe Ndiye Anayepanda Kwanza

Wapo watu wanaolilia gari, wapo wanaolilia nyumba ya ghorofa. Fundi Bisibisi, tangu ujana wake, alikuwa akililia neno moja tu: aitwe Mkongwe. Akaja akalipata. Na siku aliyolipata, jamani, alipigwa na bumbuwazi mpaka soda aliyoshika ikamwagikia suruali yake ya heshima, naye asijue kama amelowa.

Bisibisi alikuwa fundi wa lifti. Hilo jina alibandikwa alipokuwa mwanagenzi, kwa sababu hakuonekana kamwe bila bisibisi nyuma ya sikio. Siku ya harusi yake mkewe ndiye aliyeichomoa ile bisibisi, mbele za watu, akamwambia, "Leo unaoa, huendi kufungua skrubu." Karakana yao ilikuwa uani mwa jengo kuukuu, lango la mabati, ndani mota zimelala juu ya meza matumbo wazi, kamba za chuma zimeviringishwa ukutani, na harufu ya grisi inakufuata mpaka kwenye kikombe cha chai. Kazi yao ilikuwa kufufua lifti za watu: za maofisi, za majumba ya kupanga, za hospitali. Lifti ikigoma popote mjini, simu inalia pale.

Sasa, karakana ile ilikuwa na desturi yake. Lifti ikishatengenezwa, inapakiwa magunia ya mchanga, inapandishwa na kushushwa mpaka mafundi waridhike. Halafu magunia yanatolewa, anaingia mtu. Na mtu huyo hawi yeyote tu, ni Mkongwe. Anaingia peke yake, fimbo mkononi, milango inafungwa, wengine wote wanabaki chini kimya kama wako msibani. Akifika ghorofa ya juu kabisa anagonga mlango kwa ile fimbo: ngo, ngo, ngo. Hapo wa chini wanapasua makofi na miluzi, na lifti inahesabiwa imepona.

Desturi ilianzia wapi? Hawakujua. Waliikuta. Kila mwanagenzi aliambiwa maneno yale yale: Mkongwe anapanda kwanza kwa sababu yeye ndiye aliyeiva kuliko wote, sikio lake linasikia nati iliyolegea hata ikiwa imejificha nyuma ya ukuta. Kule kugonga ndiyo salamu yake kwa mashine. Ile fimbo nayo ilikuwa na sifa zake. Mti mwekundu, umelainika kwa kushikwa, unang'aa utadhani umepakwa mafuta. Wengine walidai ni ya fundi wa kwanza kabisa wa karakana, fundi wa mafundi. Bisibisi aliipenda ile fimbo kupita kiasi, na zaidi ya mara moja alikutwa akiipapasa pale ilipoegeshwa, akatimuliwa.

Mwenye cheo wakati huo alikuwa mzee mwembamba, mpole, mjane asiye na mtoto, ambaye jina lake la kuzaliwa hata mhasibu alikuwa amelisahau. Alikuwa Mkongwe tu. Ndiye aliyemfundisha Bisibisi kazi, kuanzia kupaka grisi mpaka kusikiliza breki kwa kuweka sikio kwenye ukuta. Na ndiye huyo huyo aliyemnyima usingizi, kwa sababu alikuwa hang'atuki! Magoti yamekwisha, akipanda ngazi unayasikia yakilia, lakini wapi, kila lifti ikikamilika yeye huyoo na fimbo yake.

"Mzee," Bisibisi alikuwa akimwambia, nusu utani nusu kweli, "lini utapumzika utuachie na sisi?"

"Kitinda mimba wako yuko darasa la ngapi?" Mkongwe anamjibu.

Haya, swali gani hilo? Mtu anaulizwa habari za kazi, yeye anauliza habari za shule! Bisibisi alimtajia darasa, mzee akatikisa kichwa, akaenda zake. Mwaka uliofuata, swali lile lile. Na uliofuata tena. Bisibisi akifika nyumbani ni manung'uniko tu mbele ya mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na alikuwa na subira ya kusikiliza bila kusimamisha mashine.

"Yule mzee ana umbea, mama watoto! Ananihesabia watoto wangu. Anaona mimi mlezi tu, sijawa mtu mzima wa kazi."

"Labda anampenda binti yetu," mkewe alimwambia. "Hana wa kwake."

"Anapenda fimbo, huyo. King'ang'anizi."

Mwishowe uvumilivu ukamshinda. Siku moja, Mkongwe akiwa ameinamia mota mezani, Bisibisi aliingia ofisini kwa Bosi Mdogo. Huyu alikuwa binti wa mwenye karakana, aliyeachiwa shughuli baba yake alipozeeka, mama mwenye haraka lakini mwenye haki. Bisibisi akamweleza. Kwamba magoti ya mzee hayafai. Kwamba siku moja atakwama juu, iwe aibu kwa karakana. Kwamba yeye Bisibisi yuko tayari, amekuwa tayari tangu zamani. Alipotoka alijisikia vibaya kidogo, halafu akajisikia vizuri.

Jibu lilikuja upesi kuliko alivyotegemea. Bosi Mdogo alimwita akamwambia, "Nimeongea naye. Sikumwambia umekuja wewe. Unajua hakubisha? Aliniuliza tu kama binti yako wa mwisho amehitimu. Nikamwambia ndiyo, si uliniomba ruhusa uende kwenye mahafali yake? Akasema, basi, niko tayari."

Bisibisi alicheka sana. "Hata kwenye kustaafu analeta umbea!"

Nyumbani habari zilipofika, mkewe alisimamisha cherehani. Jambo la nadra hilo.

"Uitwe mkongwe? Wewe? Na meno yote unayo?"

"Ni heshima, mama watoto."

"Heshima gani? Kwetu mkongwe alikuwa bibi yetu, wa kushikwa mkono kwenda chooni."

Kitinda mimba wao, muuguzi mpya, cheti hata wino haujakauka, alikuwa amekaa sakafuni akipunguza sare yake kiunoni. Naye alikuwa msomaji, mwenye kupenda maneno. "Baba, mama hajakosea," akasema. "Neno lenyewe linatoka kwenye kukonga. Kukonga ni kuzeeka, kuchakaa, nguvu kuisha. Lakini siku hizi watu wamelipandisha cheo. Mwanamuziki mkongwe, mchezaji mkongwe, mwandishi mkongwe. Maana yake aliyekaa kwenye kazi mpaka kazi ikamjua."

"Umesikia?" Bisibisi akamgeukia mkewe. "Mpaka kazi ikamjua!"

"Na kuna kukonga roho pia," binti akaendelea, "kuburudisha, kama maji ya kunywa. Sijui hilo ni ndugu wa lile au ni jirani tu."

"Ni ndugu, ni ndugu," akasema Bisibisi. "Roho yangu imekongwa tayari."

Walicheka wote watatu. Usiku huo alilala fofofo.

Sherehe ilifanyika karakanani mchana wa siku iliyofuata. Meza ya mota ilifutwa, ikatandikwa kitambaa, ikawekwa keki na soda. Mafundi walivaa mashati safi, wakawa wanaonekana wageni machoni mwa wenzao. Mke wa Bisibisi alikuja na gauni aliloshona mwenyewe, binti naye amevaa sare yake kwa maringo. Redio, fundi kijana mwenye mdomo usiopumzika, ndiye aliyekuwa msema chochote, na kila baada ya sentensi mbili alikuwa akimkumbusha Bisibisi kwamba keshokutwa atamzibia na yeye njia. Kesho yake asubuhi kulikuwa na kazi ya kumalizia: lifti ya hospitali ya akina mama, iliyolala muda mrefu. Hiyo ndiyo ingekuwa lifti ya kwanza ya Mkongwe mpya.

Mkongwe wa zamani alisimama, akashika fimbo kwa mikono miwili, akamkabidhi Bisibisi bila hotuba. Alisema tu, "Kagua kabla hujapanda. Kagua kwa macho yako, usiambiwe." Makofi yalipasua bati. Bisibisi aliishika ile fimbo, akaiinua juu, machozi yanamlengalenga. Siku yake hiyo, nani wa kumlaumu?

Hapo ndipo Bosi Mzee, mwanzilishi wa karakana, baba yake Bosi Mdogo, alipoomba aseme neno. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti chenye mto, mgonjwa wa miguu lakini sauti bado ya mtu aliyezoea kuamrisha. Uso ulikuwa umejaa kicheko.

"Mnajua hilo neno lilianzaje hapa?" akauliza. "Hamjui! Ngojeni niwachekeshe."

Watu wakasogea. Redio akanyamaza, ajabu.

"Zamani, nikiwa naanza, nilikuwa na hamu kuliko mtaji. Kamba za chuma nilinunua zilizokwisha kutumika. Tulikuwa na fundi mmoja kijana, hodari, ana mbwembwe. Lifti ikikamilika yeye anaruka ndani wa kwanza, anaimba. Basi siku hiyo akaingia, akaimba, akafika juu. Kamba ikakatika."

Kicheko kilimtoka usoni kidogo, kisha kikarudi.

"Tulimzika. Mke wake alikuja hapo langoni, mtoto mgongoni, akalia siku nzima. Siku nzima! Wateja wanapita wanatazama. Nikajiambia, mimi hili siwezi kuliona tena. Nikafikiri, nikafikiri, nikapata akili. Kumbe wa kupanda kwanza hafai kuwa kijana! Kijana akianguka anaacha watoto wadogo. Atafutwe aliyekula chumvi nyingi, ambaye hata akienda, hasara ni ndogo. Si ndiyo? Basi lifti iliyofuata ilipokamilika nikaangaza macho hapa uani. Mzee kuliko wote alikuwa nani? Mfagiaji!"

"Mfagiaji?" Redio akaropoka.

"Mfagiaji! Lifti haijui, hajawahi hata kushika spana. Nikamwita: we mkongwe, njoo hapa, acha hayo majani, ingia humo uende juu. Akaniuliza, bosi, nikifika nifanye nini? Nikamwambia, huna la kufanya, wewe gonga tu, tujue kama uko hai. Akaingia na ufagio wake mkononi, maskini, hata hakuuweka chini. Tukangoja. Mara tukasikia ngo, ngo, ngo. Nikawaambia vijana, yu hai, ingieni! Tukapiga makofi tulivyopiga! Tangu siku ile, Mkongwe, Mkongwe, mpaka leo." Akanyoosha kidole kwenye mkono wa Bisibisi. "Na ufagio wenyewe si huo? Nyasi zilikatika, mpini ukabaki!"

Akacheka mpaka akakohoa. Alicheka peke yake.

Bosi Mdogo alisema, "Baba!" Bisibisi aliitazama ile fimbo. Mungu wangu! Aliyoipapasa kwa siri. Aliyomtamania mwenzake. Kumbe mpini wa ufagio, na kule kugonga ambako walikuita salamu kwa mashine kulikuwa mtu anajulisha kwamba hajafa! Hapo ndipo soda ilipomwagika. Mkewe alimnyang'anya ile chupa mkononi.

"Hasara ndogo," mkewe alisema polepole, kama mtu anayeonja kitu kichungu. "Amesema hasara ndogo."

Bisibisi alitoka nje, fimbo mkononi, akapita nyuma ya karakana, penye bomba la maji. Akamkuta Mkongwe anaosha vikombe. Siku ya sherehe yake mwenyewe anaosha vikombe!

"Mzee, ulijua?"

"Nilijua."

"Nani alikwambia?"

"Niambiwe nini? Nilikuwepo. Nilikuwa mwanagenzi." Akafunga bomba. "Mimi ndiye niliyemfungia mlango yule mzee wa ufagio."

Bisibisi akatafuta pa kukaa, akakalia ndoo.

"Alinitazama," Mkongwe akaendelea. "Sikumtazama. Nilikuwa namtazama bosi, nione kama nimefunga vizuri. Alipanda miaka mingi yule, akafa kitandani kwake, kwa homa, Mungu alimstahi. Aliyemfuata kwa umri alikuwa fundi mwenye mapacha wanaonyonya. Nikasema, nitapanda mimi. Sikuwa mkubwa, nilikuwa wa katikati tu, lakini mke wangu alishatangulia, mtoto sikujaliwa. Kwa bosi ilikuwa sawa, yeye alitaka mtu wa kupanda."

"Kumbe hukupewa kwa sababu ya sikio lako!"

"Sikio lilikuja baadaye. Ukijua ni wewe unayepanda, utasikia mpaka kutu ikila chuma. Nikawa nakagua kila kitu kabla, kamba, breki, kila kitu. Wenzangu wakaona, nao wakaanza kukagua. Wakasema, huyu ni bingwa. Neno likabadilika lenyewe, sikulibadilisha mimi."

Bisibisi alikuwa amekiinamisha kichwa. Kuna jambo lilikuwa linamjia taratibu, na alikuwa anaona kabisa kwamba likifika litamvunja. "Mzee. Lile swali lako. La darasa la ngapi."

Mkongwe akachukua kikombe kingine.

"Mzee, nijibu."

"Ulikuwa na mtoto shuleni," Mkongwe akasema. "Ningekuachiaje? Nilisema akimaliza tu, nampa. Nisingeendelea sana, magoti yenyewe haya. Nilikuwa namwomba Mungu mtoto asikariri darasa."

Jamani! Bisibisi alilia pale kwenye ndoo, mtu mzima na suruali yake ya heshima imelowa soda. Miaka yote ile! Alimwita mzee wa watu mmbea. Alimwita king'ang'anizi, mbele ya mkewe, mbele ya wenzake. Kumbe aliyeng'ang'aniwa na mzee alikuwa yeye Bisibisi, na roho yake, ili mtoto wake afike mwisho wa shule ana baba.

"Ni mimi niliyekuchongea ofisini," akasema.

"Najua. Ukuta wa ile ofisi ni wa mbao."

"Na ukanyamaza! Mbona hukuniambia ukweli tangu mwanzo?"

"Ungeogopa. Na fundi mwoga anakaza nati mpaka anaikata." Mkongwe akajifuta mikono kwenye suruali, akainyooshea fimbo kidole. "Ukitaka, nirudishie hiyo. Sasa hivi, hakuna atakayekucheka. Kesho nitapanda mimi. Kwenye lifti hakuna ngazi, magoti hayatajua."

Bisibisi akainuka na fimbo yake, akaenda kumtafuta mkewe.

Walipofika nyumbani mkewe alivua viatu, akakaa mbele ya cherehani bila kuiwasha, akafunguka.

"Nimefua ovaroli zako ujana wangu wote. Nilidhani unakwenda kazini. Kumbe unapanga foleni ya kufa! Na mwenyewe una haraka, unasukuma aliye mbele!"

"Mama watoto, sikujua."

"Sasa unajua. Rudisha huo ufagio."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, sare bado mwilini, uso umemshuka. "Mama, ile lifti ni ya hospitali ya akina mama," akasema. "Nilifanya mafunzo pale. Wakihitaji upasuaji tunawabeba kwa shuka, ngazi hadi ngazi, wenyewe wanapiga kelele. Lazima mtu apande wa kwanza." Halafu akamtazama baba yake, naye machozi yakamtoka. "Lakini sitaki awe wewe."

Bisibisi akamtazama huyu mtoto, mrefu kuliko mama yake, ana kazi yake, ana cheti chake ukutani. Akawaza, mtu mwingine ndiye aliyenilelea huyu, na sikuwahi hata kumwambia asante. Hakula chochote jioni ile.

Asubuhi alifika hospitali mapema kuliko wote. Alipanda kwa ngazi mpaka chumba cha mota, akakagua kwa macho yake, kama alivyoambiwa. Alipitisha kitambaa kwenye kila kamba akisikiliza kama kuna uzi uliochomoka na kunasa. Alifungua breki, akaifunga, akaifungua tena. Akashuka shimoni na tochi, akatoka amechafuka mpaka nyusi. Magunia yakapandishwa, yakashushwa, yakapandishwa. Hakuna kilicholia.

Bosi Mdogo alikuwa amekuja mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, macho mekundu. Aliwakusanya mafundi pale chini. "Kuanzia leo," akasema, "hakuna wa kuamriwa kupanda. Mzee, kijana, hakuna. Nimewaza usiku kucha, na nimeona haya kwa niaba ya baba yangu. Atakayepanda apande kwa hiari yake, na asipopatikana, nitapanda mimi."

Kwenye benchi la wagonjwa, kando, alikuwa amekaa Mkongwe wa zamani, magoti ameyafunga kitambaa. Hakuitwa, alikuja tu. Aliinua mkono nusu, akitaka kusimama.

Kabla hajasimama, Redio akajitokeza. Alikuwa mweupe midomo. "Nitapanda mimi," akasema. "Mimi bado nina mbio, hata kitu kikitokea. Si haki wazee wapande kwa ajili yetu."

Bisibisi alimtazama kijana huyu, mdomo wote ule leo umekuwa mdogo. Akasikia swali linamtoka kabla hajalipanga.

"Kitinda mimba wako yuko darasa la ngapi?"

"Nini?"

"Mtoto wako. Yuko darasa la ngapi?"

"Fundi, darasa gani? Ninaye mmoja, hata kutambaa hajaanza!"

"Basi kaa pembeni," akasema Bisibisi, akachukua fimbo, akaingia.

Milango ikafungwa. Lo, kumbe ndani kuko hivi! Alikuwa amesimama nje ya milango hii miaka yote akipiga makofi, asijue kwamba ndani mtu anasikia moyo wake kuliko mota. Lifti ikaanza kupanda. Alisikiliza kamba, alisikiliza breki, alisikiliza reli zinavyoteleza. Akamfikiria mzee wa ufagio, ambaye hakujua hata cha kusikiliza. Akamfikiria mwingine, aliyesimama mahali hapa hapa tangu binti yake anajifunza kuandika.

Lifti ikasimama juu, taratibu, sawasawa na sakafu. Akagonga. Ngo, ngo, ngo.

Makofi hayakupigwa. Kisha kutoka chini kabisa, kupitia shimo lote la lifti, ikaja sauti ya mzee, imepasuka katikati: "Haya shuka, mwanangu, chai inapoa!"

Alishuka. Milango ilipofunguka wauguzi walikuwa tayari na kitanda cha magurudumu, mama mmoja amelala juu yake anauma meno, na hawakungoja sherehe yoyote, walimpita Bisibisi wakaingia. Lifti ikapanda nao.

Redio alimfuata mpaka kwenye benchi. Rangi ilikuwa imeanza kumrudi, na mdomo pia.

"Fundi, lakini lile swali lilikuwa la nini? Mtu anajitolea kupanda, wewe unamuuliza habari za shule za mtoto!"

Bisibisi akapokea kikombe cha chai kutoka mkononi mwa yule mzee. Walitazamana.

"Umbea tu," akasema Bisibisi. "Mwaka kesho nitakuuliza tena."